Data za muhogo wetu ziko bure mtandaoni, mbona wanaozichimba si sisi?

#1 PingiliTatu
Wakuu, habari za jioni.

Mwaka wa sita huu kazi yangu ni kukata mihogo, na si ya kuchemsha. Tunang'oa shina, tunamwaga mizizi kwenye turubai, nachukua mzizi mmoja mmoja naukata mapande kwa kisu, halafu naangalia uozo wa ndani, ule ugonjwa wa michirizi kahawia. Mzizi safi naupa 1, uliooza wote naupa 5. Mwenzangu anaingiza kwenye tableti, jioni namba zinapanda mtandaoni. Utomvu wake unaganda kwenye vidole mpaka Jumapili, mama watoto keshazoea.

Wiki iliyopita kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo akaniuliza, "Kaka, hizi namba zinakwenda wapi?" Nikamfungulia Cassavabase, hifadhi ya mtandaoni ya data za muhogo. Hulipi hata senti. Kuna majaribio ya mashamba ya Tanzania, Uganda, Nigeria, kuna ukoo wa kila mbegu nani kazaa nani, na data za vinasaba za mihogo chungu nzima. Jenomu yenyewe ya muhogo unaishusha ukitaka, ikishabanwa haifiki MB 300. Muvi moja inaizidi.

Dogo akaniuliza tena: "Sasa nani anazitumia?" Tukafungua makala tano zilizotokana na data za namna hii. Waandishi wa kwanza wote watano wako mbali na turubai langu. Dogo akacheka, mie sikucheka.

Sijaja kulia tumeibiwa. Mlango uko wazi, mimi mwenyewe nimeingia. Nauliza tu: kama ziko bure, tunakwama wapi?

#2 MzeeWaKituoni
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Kabla hamjaanza kurushiana vizungu, mtu aniambie jenomu ni nini. Inaliwa?

#3 MbuKichaa
Mzee, karibu kila chembe ya mwili ina maandishi ya kutengeneza kiumbe kizima, na yote yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G, C. Maandishi yote kwa ujumla wake ndiyo jenomu. Ya muhogo ina herufi milioni 700 na ushee, yako wewe bilioni 3 hivi. Ya binadamu walianza kuisoma 1990, wakatangaza wamemaliza 2003, ila walibakiza karibu asilimia 8 zilizowashinda kusomeka. Hizo zimekuja kukamilishwa 2022.

Kichekesho chake ni kwamba karibu asilimia 70 ya ile jenomu rejea, ambayo dunia nzima inalinganishia, ilitoka kwa mtu mmoja aliyeitikia tangazo la gazeti kule Buffalo, Marekani, mwaka 1997. Mtu mmoja. Na ukiisoma inaonyesha karibu nusu ya asili yake ni Afrika.

#4 MzeeWaKituoni
Kwa hiyo na huko ndani tumo! Endeleeni.

#5 FundiSeva
Mleta mada, jibu ni bando na umeme, tusizunguke.

Jenomu rejea ya MB 300 ni kava la kitabu. Kazi yenyewe iko kwenye data ghafi. Mwaka juzi nilikuwa namsaidia dada mmoja wa uzamili kushusha mafaili ya sampuli zake alizopeleka kusomwa nje. Zilikuwa GB 140. Tukanunua bando la usiku, saa sita kamili tukaanza, tukakaa zamu kama walinzi. Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, faili kubwa kuliko yote limefika asilimia 94, umeme ukakatika. Ruta ikazima, betri ya kompyuta ilishakufa zamani. Uliporudi, faili likaanza upya kutoka sifuri.

Yule dada hakulia. Alifunga kompyuta akaenda kununua maandazi. Ndiyo maana hatuzichimbi.

#6 MbuKichaa
FundiSeva pole, ila kwa jina ulilonalo ulitakiwa ujue wget -c, amri ya kushusha mafaili. Inaendelea pale ilipokatikia.

Na kosa la pili ndilo kubwa: kwa nini mlizishusha? Siku hizi huhitaji data zije nyumbani kwako. Galaxy, tovuti ya kuchambulia data za vinasaba, ipo tangu 2005. Unafungua akaunti bure, unaandika namba ya usajili ya sampuli, seva yao inakwenda kuichukua yenyewe kwenye hifadhi. Unapewa nafasi ya GB 250. Ile ya Ulaya iko Freiburg, Ujerumani. Bando lako linatumika kubofya tu. Mimi nimechambua mbu kwa simu nikiwa kwenye daladala, nimesimama.

#7 FundiSeva
Nakubali kichapo cha wget -c, nilijua baadaye. Ila mkuu, "fungua akaunti tu" hukumjibu mleta mada. Galaxy ina zana maelfu. Ukifungua mara ya kwanza ni kama umeshushwa Kariakoo usiku, hujui uende mtaa gani.

#8 Kaleso254
Salamu kutoka Kilifi. FundiSeva ameshika mkia wa jambo. Vifaa vipo, watu wa kuviendesha ndio wachache, na si kwamba hakuna mafunzo. H3ABioNet, ule mtandao wa bayoinfomatiki (kuchambua data za vinasaba kwa kompyuta) ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ulianza kozi ya utangulizi mwaka 2016. Mwalimu yuko kwenye video, madarasa yako nchi mbalimbali kwa wakati mmoja, na kila darasa lina wasaidizi wake hapo hapo. Nilipita huko. Baadaye EANBiT, mtandao wa mafunzo hayo Afrika Mashariki, wakaja na ufadhili wa uzamili, vyuo kama Pwani na Makerere vikiwemo, na icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi.

Tatizo ni baada ya cheti. Darasa letu tulikuwa kumi na nane, na leo wanaofanya kazi ya jenomu kila siku nawahesabu kwa mkono mmoja. Wengine wako benki. Mmoja anauza solar, na anauza vizuri.

Halafu PingiliTatu, mwatumia mbegu gani kama kinga ya michirizi? Sisi huku tuna Kaleso, hakuna mfano wake.

#9 PingiliTatu
Kaleso254, sisi mkali wetu ni Namikonga. Kaleso yenu mtaipatia wapi nafasi mbele ya Namikonga?

#10 Kaleso254
😂 Nilikuwa nakusubiri hapo hapo. Namikonga NI Kaleso, ndugu yangu. Walipima vinasaba wakakuta ni shina lile lile, limevuka mpaka likabadili jina. Ndiye yule mseto wa Amani, 46106/27.

#11 PingiliTatu
Dah. Miaka sita namkata huyu na sikujua ana kitambulisho cha Kenya.

#12 MzeeWaKituoni
Amani ya Muheza? Nimesoma kule jirani. Waingereza walifanya mihogo?

#13 Kaleso254
Amani hiyo hiyo, Usambara. Michirizi kahawia yenyewe ilielezwa kwa mara ya kwanza huko katika miaka ya 1930. Wakaona muhogo wa kawaida hauwezi kupigana, wakauchanganya na jamaa yake wa porini, Manihot glaziovii, halafu kizazi baada ya kizazi wakamrudisha mtoto kwa muhogo mpaka akazaa mizizi ya kulika. Juzijuzi, 2016 kuendelea, watu waliposoma jenomu za mihogo ya Afrika wakakuta vipande vikubwa vya yule wa porini bado vimo, hasa kwenye kromosomu ya 1 na ya 4. Kazi ya Amani inaonekana kwenye skrini miaka themanini baadaye.

#14 BiSaumu
Huyo glaziovii si ndiye mpira? Ule mti wa majani tunayopika, kisamvu cha mpira?

#15 Kaleso254
Ndiye huyo, Bi Saumu.

#16 MzeeWaKituoni
Basi mimi ni mtaalamu wa jenomu toka utotoni. Kisamvu cha mpira, nazi mbili, na karanga. Fungeni uzi.

#17 MwanaWebuye
Nimesoma kutoka mwanzo, asanteni. Wacha niseme ya kwangu.

Mimi ni Mluhya wa Webuye. Mwaka wa tatu chuoni, mwalimu akatuambia tufungue data za 1000 Genomes, ule mradi uliosoma jenomu za watu wa sehemu mbalimbali za dunia, tuchague kundi tulifanyie mazoezi. Orodha ikaja, herufi tatu tatu. YRI, Wayoruba wa Ibadan. CEU, watu wa Utah. Nikashuka chini nikaona LWK. Nikabofya. "Luhya in Webuye, Kenya." Nilisoma mara tatu. Mji wa kiwanda cha karatasi, mahali ambapo nilikuwa napiga foleni ya maji, kumbe wanafunzi wa China, Brazil, dunia nzima wanajifunzia kwa damu ya majirani zetu, na hapo nyumbani sijawahi kusikia mtu akiitaja.

Ni watu 99. Nilimuuliza baba, akasema anakumbuka watu wa kuchukua damu walikuja, lakini wa kuchukua damu huja kila mara.

#18 FundiSeva
99 kati ya watu 1000 ni wengi. Asilimia 10 ya mradi mzima ni Webuye! Mngedai hisa.

#19 MbuKichaa
Jina linadanganya. Mradi ulianza 2008 ukiitwa 1000, ulipofungwa 2015 ulikuwa na watu 2504 wa makundi 26. Kwa hiyo Webuye ni kama asilimia 4. Na kabla yake, kwenye HapMap, mradi mwingine wa vinasaba vya watu, Kenya ilikuwa na makundi mawili, Waluhya wa Webuye na Wamaasai wa Kinyawa.

#20 MwanaWebuye
Sawa, asilimia 4. Ila kinachoniuma si hisa. Chembe zenyewe zinahifadhiwa Taasisi ya Coriell, Camden, New Jersey. Ukitaka DNA ya Webuye unaagiza Marekani. Na data zake hazina habari yoyote ya afya, hawakuandika nani ana presha, nani ana sukari. Walifanya hivyo makusudi kulinda watu wasijulikane, naelewa. Lakini basi hata nikitaka kuzitumia kujibu swali la kwetu la ugonjwa, siwezi. Ziko wazi kwa kila mtu na kwangu hazinifai. PingiliTatu, hilo nalo liweke kwenye orodha yako.

#21 BiSaumu
Mimi nimefanya kazi ya kuchukua ridhaa za wagonjwa miaka mingi, mradi na hospitali siwataji. Niseme hili la damu kama mtu aliyekaa kwenye kile kiti.

Fomu imeandikwa kwa Kiswahili kinachoitwa sanifu. "Chembe za urithi zako zitahifadhiwa katika kanzidata na kushirikishwa kwa watafiti wengine." Nikamsomea mama mmoja wa makamo, mwanaye ana selimundu. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Urithi? Mwanangu, kwani kuna shamba?" Nikaanza upya. Nikamwambia ni yale yanayofanya mtoto afanane na wazazi, na ndiyo yaliyomfanya huyu aumwe. Akasema, "Hapo nimekuelewa. Sasa huko mnakoyapeleka, watajua ni ya kwangu?" Nikamjibu jina tunaliondoa. "Na wakipata dawa, watajuaje waniletee mimi, kama jina mmeliondoa?"

Wanangu, swali lile nimelibeba mpaka nimestaafu. Alisaini.

#22 MzeeWaKituoni
Bi Saumu leo nimeacha karanga.

#23 KifunguChaTisa
Wakuu, mnazungumza bando na mafunzo wakati suala ni la haki. Nani aliamua kwamba "wazi" ni jambo jema? Mwaka 1996 wakubwa wa mradi wa jenomu ya binadamu walikutana Bermuda wakakubaliana kila kipande kilichosomwa kiwekwe hadharani ndani ya saa 24. Kanuni nzuri. Ila waliokuwa mezani wote walikuwa na mashine. Ukiweka wazi halafu aliye na mashine ni yule yule, umegawa nini?

Novemba 2021 Botswana na Afrika Kusini waliona aina mpya ya kirusi cha korona, wakaiweka hadharani siku zile zile. Ikaitwa Omicron. Zawadi yao ikawa nini? Ndege kuzuiwa. Ungekuwa wewe, mara ya pili ungewahi kuweka?

Ndiyo maana hapa kwetu Tanzania kutoa sampuli nje kunataka mkataba na kibali, ndiyo maana tuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022, na Kenya ya 2019. Sampuli ya mmea ikivuka mpaka, Itifaki ya Nagoya, ule mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za viumbe, inaishika. Herufi zake zikivuka kwa waya, miaka yote hiyo hakuna aliyezishika. Ndiyo kwanza Februari 2025 umezinduliwa Mfuko wa Cali, kampuni zinazofaidika na data hizo zichangie. Na kuchangia ni kwa hiari.

#24 MbuKichaa
KifunguChaTisa umeongea kama unatetea kesi, na nusu ya kesi nakupa. Ila nusu nyingine naikataa kwa sababu naishi kwa data za wazi.

Kimelea cha malaria chenye badiliko la R561H kwenye jeni ya kelch13, lile linalochelewesha dawa ya artemisinini, kilitangazwa Rwanda 2020. Baadaye watafiti wetu wakakikuta Kagera. Swali la kwanza ni: kimevuka mpaka au kimezuka chenyewe? Huwezi kulijibu bila kuweka herufi za Rwanda na za Kagera meza moja. Kama kila nchi ingefungia zake kabatini, tungekuwa tunabishana kama Namikonga na Kaleso.

MalariaGEN, mtandao wa kushirikiana data za jenomu za malaria, toleo lao la saba la vimelea, 2023, lina sampuli 20,864 kutoka nchi 33. Upande wa mbu wana data zao na mafunzo ya bure ya kuzichambua, kompyuta nzito ni ya kwao. Mimi nilijifunza usugu wa viuadudu hapo, usiku, baada ya kulaza watoto.

#25 KifunguChaTisa
Na jina lako liko wapi kati ya hizo 20,864?

#26 MbuKichaa
Mimi ni wa mbu, hao ni vimelea. Soma vizuri 😂

#27 KifunguChaTisa
Umenikwepa, sio umenijibu.

#28 MbuKichaa
Haya, nikujibu. Kwenye makala za mradi wa pamoja jina langu liko kwenye orodha ya nyuma, ile ya mwandiko mdogo, watu mia na zaidi. Mama yangu nimemchapishia ukurasa ule nikaupigia mstari. Kaubandika sebuleni.

#29 Kaleso254
KifunguChaTisa, hakuna haja ya kuchagua kati ya kabati na soko. H3Africa, mradi wa jenomu na afya za Waafrika, mwaka 2012 hadi 2022 kwa fedha za NIH (taasisi za afya) ya Marekani na Wellcome ya Uingereza, walijaribu njia ya tatu. Data za watu hazikuachwa wazi kama samaki mnadani. Anayezitaka anaomba kwa kamati. Waliokusanya wanapewa muda wa kuchapisha kwanza. Sampuli zikahifadhiwa hapa hapa Afrika, ghala moja liko Makerere. Na 2020 walitoa makala ya watu 426 wa makundi 50, wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwahi kuandikwa popote. Watu 426 tu!

#30 MwanaWebuye
Na fedha zilipoisha 2022?

#31 Kaleso254
Fedha zilipoisha, ziliisha. Miradi mingine ikapata wafadhili wengine, mingine ikafunga vitabu. Sina jibu tamu.

#32 MpembaWaMuscat
Assalaam alaykum. Mie si mwanasayansi, nauza vipuri huku Oman, lakini nna swali langu. Ile DNA ya makaburi ya Waswahili iliyotoka 2023, ikasema sisi Washirazi kweli. Nayo iko bure? Maana baraza zima huku wanagombana.

#33 MzeeWaKituoni
Eeeh, imefika. Uzi wa mihogo umeingia Ushirazi. Moderator yuko wapi?

#34 Kaleso254
Wa alaykum salaam. Iko bure, data ghafi ziko kwenye hifadhi ya Ulaya. Ni watu 80, wengi wa kati ya 1250 na 1800, makaburi ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara. Upande wa kikeni asili ni Afrika kwa sehemu kubwa mno. Upande wa kiumeni kwa wengi wao ni Uajemi, na mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Uarabuni ikaongezeka baadaye, baada ya 1500 hivi. Kwa hiyo baraza lako wote wana kipande cha ukweli, waambie wanywe kahawa.

Ila angalia walichimba wapi. Mengi ni makaburi ya watu wakubwa, yaliyo karibu na msikiti. Mvuvi na mkulima hawakuzikwa pale. Huwezi kuwapima wenye nyumba za mawe ukasema umewapima Waswahili.

#35 MpembaWaMuscat
Ahsante sana. Hilo la bibi zetu kuwa Waafrika sitolisema barazani leo, kuna mzee ana moyo. Na jee, kuna mtu wa pwani aliyezichukua hizo data akazichambua mwenyewe?

#36 PingiliTatu
MpembaWaMuscat umeuliza swali langu la kwanza kwa maneno mengine, na kwa ufupi kunishinda.

Naona mpaka sasa FundiSeva anasema bando, Kaleso254 anasema watu, MwanaWebuye anasema data zenyewe hazikuandaliwa kwa maswali yetu, Kifungu anasema haki, Bi Saumu kaniacha kimya. Mimi naongeza moja la aibu: Excel.

Namba za viwanja vyetu shambani zinaandikwa 2-4, 3-5, yaani mstari wa 2 shina la 4. Msimu mmoja tableti iligoma tukaandika kwenye Excel. Nikafungua asubuhi nikakuta shamba zima limekuwa kalenda. 3-5 imekuwa tarehe 3 Mei. Nilikaa siku nne narudisha moja moja kwa kuangalia daftari lenye matope.

#37 MbuKichaa
Usione aibu, umeungana na wakubwa. Kulikuwa na jeni za binadamu zinaitwa SEPT2 na MARCH1. Excel ikawa inazifanya tarehe, Septemba na Machi. Mwaka 2016 watu wakachunguza makala za jenomu zenye majedwali ya Excel, wakakuta karibu moja kati ya tano ina kosa hilo. Mwaka 2020 kamati ya majina ikasalimu amri, ikabadili majina ya jeni. Sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Excel ikashinda biolojia.

#38 MtumishiMnyonge
Nimesoma kimya kimya. Mmetaja yote mmeacha kikombe cha uji, yaani ajira. Kazini kwetu (sitaji) hakuna cheo cha mtu wa bayoinfomatiki kwenye muundo wa utumishi. Nilirudi na shahada yangu nikapangwa stoo ya kemikali kwa sababu "wewe si wa maabara ukae benchi, si wa IT ukae seva". Ukichambua data za wazi ukaandika makala, jarida linataka dola 2000 na zaidi kuichapisha iwe wazi kwa wote. Data bure, kuzisoma bure, kusema ulichokiona ndiyo kunalipiwa.

#39 FundiSeva
Majarida mengi yana msamaha kwa nchi zetu, uliomba?

#40 MtumishiMnyonge
Niliomba. Kwa kuwa mwandishi mmoja alikuwa wa chuo cha Ulaya, msamaha ukakataliwa. Nikimtoa, data za maabara ni zake. Nikabaki na makala kwenye flashi. Iko hapa mezani, rangi ya bluu.

#41 KifunguChaTisa
Hii post ya #38 na #40 mleta mada aibandike juu.

#42 PingiliTatu
Wakuu, nimerudi baada ya siku tatu. Sikutaka uzi uishie maneno. Jana usiku mimi na dogo tulifungua Galaxy ya Freiburg kama MbuKichaa alivyosema. Tukachukua sampuli moja ya Namikonga (sawa, KALESO) kutoka hifadhi ya wazi kwa namba yake. Bando lililoliwa halikufika MB 60.

Upande wa kulia kunatokea visanduku. Vya kijivu viko foleni. Kikigeuka njano kinafanya kazi. Dogo kavuta stuli, akawa anaangalia visanduku kama anatazama penalti. Cha kwanza, kijani. Cha pili, kijani, dogo kaninyooshea mkono tugonge. Cha tatu kikakaa njano dakika arobaini halafu kikawa chekundu. Saa saba usiku hiyo.

MbuKichaa, saidia. Tulitaka kuona vipande vya yule mpira wa Amani kwenye kromosomu ya 1. Inasema haikuti kromosomu hiyo kabisa. Ipoje muhogo usiwe na kromosomu ya 1?

#43 MbuKichaa
Hongereni sana, wekundu wa kwanza ndio ubatizo. Fungua faili la jenomu na faili la jeni, soma mstari wa kwanza wa kila moja, niandikie kromosomu ya kwanza inaitwaje.

#44 PingiliTatu
Moja limeandika Chromosome01. Jingine lina herufi mbili za CM na namba ndefu.

#45 MbuKichaa
Umeshapata. Mafaili umeyatoa hifadhi mbili tofauti. Ni kromosomu ile ile, kila hifadhi imeipa jina lake, na kompyuta haijui kama ni kitu kimoja.

#46 Kaleso254
Niseme au ninyamaze?

#47 PingiliTatu
Nyamaza 😂 Nabadili majina sasa hivi. Dogo kaenda kutafuta chaja.